Mwalimu wa Uashi Anajibu: lipu inayobanduka, nondo zinazovimba na mabati yanayolia

Barua za mwezi huu nyingi zimetoka pwani, na nyingi zinalalamikia kitu kilekile kwa majina tofauti: maji yenye chumvi. Nimezifupisha, lakini maneno ni ya wasomaji wenyewe. Mbili za kwanza nimezijibu kwa urefu kwa sababu naona nyumba nzuri zinaharibiwa na watu wanaozipenda.

*Shikamoo mwalimu. Nyumba aliyotuachia babu hapa Pangani ni ya mawe ya matumbawe na chokaa, kuta zake zina unene wa karibu nusu mita. Miaka minne iliyopita tulibandua lipu ya zamani kuanzia chini hadi usawa wa kifua, tukapiga lipu ya saruji, moja kwa tatu, juu yake rangi ya mafuta. Sasa inavimba na kudondoka mabamba mabamba, na nyuma yake kuna unga mweupe. Fundi anasema saruji ilikuwa ndogo, tuongeze, tena tuchanganye na dawa ya kuzuia maji. Tumsikilize? — Mjukuu, Pangani*

Marahaba mjukuu wangu. Msimsikilize. Mkiongeza saruji mtaharakisha ubovu uleule, na hiyo dawa ya kuzuia maji itauhamishia juu zaidi.

Ukuta wa matumbawe una vinyweleo tele, na nyumba za zamani hazikuwekewa karatasi ya kuzuia unyevu kwenye msingi. Maji ya ardhini hupanda ndani ya vinyweleo hivyo, na kwa kuwa mpo karibu na bahari na mto wenu huingiwa na maji chumvi, maji hayo hubeba chumvi. Chini ya lipu ya chokaa hili halikuwa balaa. Chokaa nayo ina vinyweleo, kwa hiyo maji yalitokea popote penye upepo, chumvi ikabaki juujuu, na kila baada ya miaka kadhaa wazee walipangusa, wakaziba palipochakaa, wakapaka chokaa upya. Lipu ndiyo iliyokuwa inaliwa, ukuta ukabaki salama.

Saruji imebana. Maji yakifika nyuma yake hayapati pa kutokea, na rangi ya mafuta imeziba hata vile vitundu vichache vilivyokuwapo. Basi maji yanafanya mambo mawili. Yanapanda juu zaidi kutafuta mahali pa kutokea, ndiyo maana nyumba nyingi zilizopigwa saruji mpaka kifuani huanza kuonyesha majimaji usawa wa kichwa. Na pale yanapokaukia nyuma ya lipu, chumvi inaganda kuwa fuwele. Fuwele ikikua ndani ya tundu dogo inasukuma kwa nguvu kubwa kuliko mshiko wa lipu na jiwe. Unga mweupe mliouona ndio huo, na ninyi wenyewe mmesema uko *nyuma* ya lipu. Hapo lipu haikushindwa kwa udhaifu. Imeng'olewa.

Najua fundi atasema saruji ina nguvu zaidi. Ni kweli, tena kwa mbali. Lakini tujiulize ukuta wenu unahitaji nguvu kiasi gani. Chukua ukuta wa matumbawe wenye kimo cha mita 6, kila mita ya ujazo ikiwa na uzito wa takribani kilo 1,800. Pale chini kabisa, kila sentimita ya mraba inabeba kama kilo moja tu ya uzito wa ukuta wenyewe. Ongeza dari na watu, bado ni mzigo mdogo ambao udongo wa chokaa ya kawaida unaubeba bila taabu. Ukuta mnene haudai nguvu. Unadai kutoa unyevu, na kujinyoosha kidogo nyumba inapotulia bila kupasuka. Saruji ni ngumu na haikubali kujongea, kwa hiyo inafanya nyufa, maji ya masika yanaingia kwenye nyufa, kisha hayatoki.

Marehemu baba yangu alikuwa mwashi na alichoma chokaa kwa kuni za mikoko, jambo ambalo leo siliungi mkono kwa ajili ya mikoko, lakini kazi yenyewe niliielewa kabla sijasoma kemia. Jiwe la matumbawe likipata joto la karibu nyuzi 900 za Selsiasi linaachia hewa ya kaboni dioksidi na kubaki chokaa hai. Ukilitia maji linachemka na kupasuka, linakuwa rojo. Rojo hilo likipigwa ukutani huvuta tena kaboni dioksidi kutoka hewani, polepole, kwa wiki na miezi, mpaka linarudi kuwa jiwe la aina ileile ya ukuta lililoukalia. Kuta za Husuni Kubwa kule Kilwa Kisiwani zilijengwa kwa njia hiyo katika karne ya 14. Saruji ya Portland ilipata hataza yake kwa Joseph Aspdin wa Leeds, Uingereza, mwaka 1824. Sisemi saruji ni mbaya, nimeifundisha maisha yangu yote. Nasema ilibuniwa kwa kazi nyingine.

Fanyeni hivi. Bandueni saruji kwa tindo na nyundo nyepesi, bila mashine ya kutindua, kwa maana jiwe la matumbawe ni laini na mashine inaondoka nalo. Acheni ukuta wazi msimu wa kaskazi, ukauke. Chumvi inayojitokeza ipanguseni kwa brashi kavu na muitoe nje ya nyumba kwa ndoo. Msiioshe, kwa sababu maji yataiyeyusha na kuirudisha ndani. Kisha chokaa iliyolowekwa ikakaa wiki kadhaa chini ya maji, sehemu moja kwa tatu za mchanga safi wa mtoni, tabaka zisizozidi sentimita moja, ukuta ukiwa umeloweshwa kidogo. Funikeni kwa magunia yenye unyevu jua lisiikaushe haraka, na tabaka la pili lisubiri la kwanza ligande. Mwisho ni chokaa ya maji kwa brashi. Rangi ya mafuta na ya plastiki zikae mbali. Vaeni miwani na glovu, chokaa hai inaunguza macho bila kurudisha.

Tabaka la kwanza huenda likavuta chumvi na kuanza kupukutika mapema. Msivunjike moyo, limefanya kazi yake. Libandueni mpige jingine. Na kabla ya yote hayo tazameni maji yanatoka wapi: je, ua umenyanyuliwa kwa kifusi mpaka umepita usawa wa sakafu? Bafu limewekwa upande ule? Mifereji ya paa inamwaga kwenye mguu wa ukuta? Kagueni pia ncha za boriti zilizoingia ukutani pale penye majimaji. Boriti ya mkoko ni kali, lakini ncha inayolowa mwaka mzima huoza, nayo ikioza dari ndiyo inayofuata.

*Mwalimu, mimi ni mwashi kijana, Kigamboni. Mteja ana kiwanja karibu na ufukwe, anataka nimwage zege la nguzo na lenta kwa mchanga wa pwani ili kuokoa gharama za lori. Anasema tutauosha. Jirani yake alifanya hivyo, na nguzo za uzio zimepasuka kwa urefu, nondo zinaonekana. Nimjibuje? — Mwashi, Kigamboni*

Mpeleke kwa jirani akazitazame nguzo zile kwa karibu. Aone kwamba ufa umefuata nondo kama mstari wa kalamu. Hakuna mzigo uliozipasua. Zimepasuliwa kutoka ndani.

Zege changa lina ukali wa magadi, pH yake ni 12 na zaidi, na katika mazingira hayo chuma hujitandia ngozi nyembamba isiyoonekana inayozuia kutu. Ndiyo maana nondo iliyozikwa vizuri inaweza kukaa miongo mingi ikiwa nyeusi vilevile. Kloridi ya chumvi inaitoboa ngozi hiyo hata ukali ukiwa bado upo. Kutu ikianza, inachukua nafasi mara mbili mpaka sita ya chuma kilicholiwa. Zege linastahimili kugandamizwa, lakini kuvutwa linastahimili kama sehemu moja ya kumi tu ya hapo, na kutu inayovimba inalivuta. Linapasuka, ufa unaingiza maji na hewa zaidi, na kutoka hapo mambo huenda mbio.

Sasa kuosha. Chumvi huyeyuka, kwa hiyo kinadharia mchanga wa bahari unaoshwa. Uingereza hutumia mchanga uliochimbwa baharini, lakini unaoshwa kwa maji mengi baridi, yaani yasiyo na chumvi, na kupimwa kloridi maabara. Kumwagia rundo ndoo chache na kuacha lijichuje si kuosha, ni kushusha chumvi kutoka juu ya rundo kwenda chini yake, halafu koleo la mwisho linachota yote. Tena mchanga wa ufukweni ndio unaolinda kiwanja chake kisiliwe na bahari. Asijenge kwa kinga yake mwenyewe.

Lakini, mwanangu, hata ukipata mchanga wa mtoni, nyumba bado ipo pwani na upepo utaileta chumvi kila siku. Hapo ulinzi ni wewe. Zege linalofunika nondo liwe milimita 50 upande unaotazama bahari, usiridhike na 25 za nyumba ya bara. Chumvi inapenya zege kwa mwendo unaopungua: unene ukizidishwa mara mbili, muda wa kuifikia nondo huwa karibu mara nne. Kwa sentimita mbili na nusu za zege umenunua miaka. Weka biskuti za zege chini na pembeni, usinyanyue nondo kwa vipande vya mbao wala mawe, na waya wa kufungia ukunjwe kwenda ndani, usiguse ubao wa fomu.

Na maji. Mfuko wa kilo 50 unahitaji kama lita 12 tu ili saruji yote ipate maji ya kuganda. Yanayozidi ni ya kulainisha kazi, na kila tone lililozidi likikauka linaacha njia ambayo chumvi itapita. Kikomo chako kiwe lita 25 kwa mfuko, yaani ndoo kubwa moja na robo, ukihesabu na maji yaliyomo kwenye mchanga uliolowa. Nimeona vibarua wanamwaga kwa mpira mpaka zege linatiririka kama uji, kwa kuwa ni rahisi kulibeba kwenye karai. Wakatalie. Kisha mwagilia na kufunika siku 7 kwa uchache. Zege halikauki ili liwe gumu, linakunywa ili liwe gumu, na likikauka siku ya pili ngozi yake ya juu, ile ya kuzuia chumvi, inabaki na vinyweleo kama mkate.

*Habari mwalimu. Nondo za milimita 12 nilizonunua zinaonekana nyembamba kuliko za kaka yangu, lakini muuzaji ananiambia ni macho yangu. — Msomaji, Kisauni, Mombasa*

Usibishane naye, beba mizani. Zidisha kipenyo kwa kipenyo, gawanya kwa 162, utapata kilo za kila mita. Nondo ya 12 inatoka kilo 0.89 kwa mita, kwa hiyo mche wa mita 12 uwe na takribani kilo 10.7. Ya 10 iwe 7.4, ya 16 iwe karibu 19. Pima miche kadhaa kwa pamoja, kwa kuwa tofauti ndogo ya kiwandani inaruhusiwa. Lakini kama mche wako una kilo 9, hiyo ni nondo ya 11 iliyouzwa kwa jina la 12, na umepoteza karibu sehemu moja ya sita ya chuma ulichochorewa na mhandisi. Usipime kwa kipimo cha kubana juu ya mbavu za nondo, utapata namba kubwa ya uongo.

*Mwalimu, kwa nini mabati ya darasa letu yanalia "ta! ta!" asubuhi jua likitoka na tena jioni? Wenzangu wanasema ni popo. — Mwanafunzi wa darasa la sita, Bagamoyo*

Nimefurahi sana kwa swali hili, mwanangu. Chuma kikipata joto kinarefuka. Bati la mita 6 likipanda nyuzi 40, na juani hufika, linarefuka kama milimita 3. Misumari imelishika, kwa hiyo linabana, linabana, kisha linateleza ghafla pale kwenye msumari, ndipo unasikia "ta!" Jioni linafupika na kulia tena. Waambie wenzako wasikilize siku ya mawingu: litalia kidogo sana. Popo hawajali mawingu. Na ukipanda na mtu mzima kukagua paa, utaona matundu ya misumari ya zamani yamekuwa marefu kwa upande mmoja. Ni bati limeyakwangua kwa miaka ya kwenda na kurudi.

*Shikamoo. Tunapaua nyumba Kilwa Masoko, mita kama mia mbili kutoka majini. Geji 28 au 30? Na je, haya yanayoitwa aluzinki ni bora kweli, au ni maneno ya dukani? — Mama Watatu, Kilwa*

Marahaba, Mama Watatu. Namba ya geji ikipanda bati linakuwa jembamba, kwa hiyo 28 ni nene kuliko 30. Lakini geji haisemi kitu kimoja katika kila duka. Uliza milimita, na uulize kama ni za chuma chenyewe au na rangi imehesabiwa.

Hata hivyo, kwa Kilwa unene wa chuma ni swali la pili. La kwanza ni ngozi inayokilinda. Bati la kawaida limepakwa zinki, nayo zinki huliwa kabla ya chuma, hata pale penye mkwaruzo. Ikiisha, kutu inaanza, na haiulizi geji. Kwa hiyo uliza gramu za zinki kwa mita ya mraba. Gramu 100, zikihesabiwa pande zote mbili, ni tabaka la sehemu saba tu za elfu za milimita kila upande. Gramu 275 ni karibu mara tatu ya hapo, na kwenye upepo wa bahari muda wa kuishi hufuata unene huo.

Aluzinki si maneno ya dukani. Ngozi yake ni asilimia 55 alumini, 43.4 zinki na 1.6 silikoni, na katika hewa ya chumvi kwa kawaida hudumu zaidi ya zinki tupu yenye unene huohuo. Ila ina adui zake. Alumini haiwezani na ukali wa saruji mbichi na chokaa, kwa hiyo mafundi wasiuruhusu udongo wa ukuta kuyadondokea mabati, na pale bati linapogusa ukuta wekeni kizuizi. Bomba la shaba lisimwage maji juu yake. Na likatwe kwa mkasi wa bati: cheche za grenda huzama kwenye ngozi zikiwa za moto, na kila moja inakuwa doa la kutu kabla masika hayajaisha.

Kwa umbali wenu ningechukua aluzinki iliyopakwa rangi, yenye milimita 0.4, na skrubu zenye washa za mpira badala ya misumari. Ubora wa skrubu ulingane na wa bati, maana paa nyingi hufa kwenye vichwa vya misumari wakati bati bado zima. Mzigo ukifika usiyaache mabati yamelaliana yakiwa na maji katikati. Yatatoka na kutu nyeupe hata kabla hayajapanda. Na kila mwisho wa kiangazi mwagieni maji baridi sehemu za chini ya upenu. Mvua husuuza juu, lakini chini hakuna anayesuuza, ndiyo maana kutu huanzia huko.

*Mwalimu, nilitengenezewa Tanga mlango wa mninga wa paneli, nikauleta Dodoma nilikohamia. Baada ya miezi mitano paneli mbili zimepasuka katikati na fremu ina mwanya. Nimeuziwa mti wa uongo? — Msomaji, Dodoma*

Huenda ni mninga halisi, na mninga ni miongoni mwa mbao zetu zinazocheza kidogo kuliko nyingi. Lakini hakuna ubao usiocheza kabisa. Mbao hunyonya na kuachia unyevu mpaka zilingane na hewa ya mahali zilipo, na hewa ya Dodoma wakati wa kiangazi ni kavu mno kuliko ya Tanga. Zikiachia unyevu husinyaa kwa upana. Kwa urefu hazisinyai karibu kabisa.

Kwa hiyo sikiliza kilichopasua: paneli ilitaka kupungua upana, ikazuiwa. Mlango wa paneli hutengenezwa ili paneli ielee ndani ya mfuo wa fremu, bila gundi wala msumari, ipate nafasi ya kupanuka na kusinyaa. Chunguza kingo za paneli kwa tochi. Nina hakika karibu kabisa utakuta gundi, au vimisumari vilivyopigwa kupitia urembo wa pembeni vikaingia kwenye paneli. Mwambie fundi wa huko avitoe, akate gundi kwa msumeno mwembamba, kisha paneli ziunganishwe pale zilipopasuka na kurudishwa zikiwa huru. Mwanya wa fremu asiuguse sasa. Mlango ukae ndani ya nyumba mpaka mvua za Januari zipite, ndipo apime upya na kubana viungo, kwa sababu akiuziba leo kwa kipande cha mbao kavu, mwezi wa pili mlango hautafunga. Akimaliza apake mafuta au vanishi pande zote, pamoja na ncha za juu na za chini, ambazo mafundi wengi huziacha wazi kwa kuwa hazionekani.